Maji ya Bibi wa Kilimani

Siku ya kuandikisha wapiga kura pale Newala, Sikudhani alisimama mezani akaweka kidole kwenye kile kimashine, na kimashine kikakataa. Karani akamfuta kidole kwa kitambaa, akamwambia aweke tena. Kikakataa. Wakajaribu gumba, wakajaribu cha kati, wakahamia mkono wa kushoto. Karani, kijana mpole, aliinamia mkono ule kama mtu anayetafuta mwiba, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, wewe huna alama."

Sikudhani akamjibu kwamba alama zake ziko kwenye korosho, awaulize waliozila.

Alikuwa amebangua korosho kwa miaka thelathini. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Wabanguaji hupaka majivu mikononi, lakini majivu hayazuii yote. Kidole kinachubuka, kinapona, kinachubuka tena, mpaka ncha inabaki nyororo na nyeusi kama kokwa ya ukwaju. Hata simu za kupangusa zilikuwa hazimtambui. Akigusa kioo, kioo kinakaa kimya kama hakuguswa na mtu.

Kwa vidole hivyo hakuweza kucheza gemu. Lakini hapakuwa na mtu Newala nzima aliyeijua gemu ya Mbeba Moto kama yeye.

Mumewe, Nurdini, alikuwa na banda la gemu nyuma ya soko: TV mbili, mashine mbili na mabenchi ya mbao. Tangu mchana lilijaa vijana wa kucheza mpira wa kwenye TV. Asubuhi, watoto wakiwa shule, lilikuwa tupu, na Sikudhani alikuwa akija na ungo wake kubangulia pale kwenye kivuli. Ndipo Nurdini alipocheza gemu yake mwenyewe, ambayo wateja hawakuitaka kwa sababu ni ndefu na maneno yake ni mengi. Ilikuwa na jina la Kizungu. Wao wawili waliiita Mbeba Moto.

Ni habari ya mtu anayebeba kaa la moto ndani ya chungu, kijiji hadi kijiji, katika nchi ambayo mioto yote imezimika. Kupigana kupo, lakini kazi kubwa ni kuzungumza. Kila unayemkuta ana shida yake, na majibu yanatokea chini ya picha, matatu au manne, nawe unachagua moja. Ulilochagua halifutiki. Ilitoka sehemu ya kwanza, baada ya miaka ikatoka ya pili, na ya pili ikaendelea na safari ile ile, na watu wale wale uliowatendea mema au mabaya. Watengenezaji walikuwa wamesema sehemu zitakuwa tano, basi.

Nurdini alikuwa na kidato cha nne. Alisoma maneno akayageuza kuwa Kiswahili, na alibonyeza. Sikudhani hakupata kukanyaga darasa, kwa hiyo alisikiliza, na aliamua. Mbeba moto wao alikuwa mwanamke, na yeye ndiye aliyempa jina, Somoe, jina la marehemu mama yake. Kwa kuwa hakuweza kuandika, hakusahau. Nurdini angekutana na mtu katika sehemu ya tatu akauliza, "Na huyu ni nani tena?" Sikudhani, bila kuinua macho kwenye ungo, angemwambia ni yule mhunzi tuliyemrudishia mbuzi wake, usimpite bila kumsalimu, ana kinyongo.

Katika sehemu ya kwanza palikuwa na kijiji juu ya kilima kisichokuwa na maji. Somoe alifika pale amechoka, kaa lake linafifia kwa sababu mbebaji akidhoofika na moto hudhoofika. Bibi mmoja, ambaye gemu haikumpa hata jina, akamwinamishia mtungi wake. Yalikuwa maji yake ya mwisho, na bondeni ni mbali. Yakatokea majibu matatu. Nurdini akataka kubonyeza lile la kumpa bibi sarafu, waendelee na safari. Sikudhani akamzuia mkono. Mtu wa Newala anajua maana ya maji ya mwisho mtungini, asubuhi ambayo bomba halijatoa kwa siku tisa. Hayalipwi kwa sarafu.

"Sema lile la nitarudi," akamwambia.

Nurdini akacheka, akasema huyo bibi hana msaada wowote mbele ya safari, hana silaha wala dawa. Lakini alibonyeza.

Sehemu ya pili haikupita kwenye kilima kile. Ya tatu haikupita. Sikudhani kila mara aliuliza, na kila mara Nurdini alimwambia, subiri, hawa Wazungu wakianza jambo wanalimaliza.

Sehemu ya nne walipoimaliza, Nurdini alisema biashara imelala Newala, anahamishia mashine Masasi, atatafuta chumba kisha aje amchukue. Alipakia TV na mashine, na safari ya Somoe ikaondoka ndani yake. Kisha msimu mmoja ukapita. Habari zikapanda mlima mpaka Newala kabla yake: ameoa Masasi, mwanamke msomi anayeitwa Faidha, na ana mtoto tayari.

Halafu ikaja karatasi. Aliileta kondakta wa basi, imekunjwa mara nne. Sikudhani akaipeleka kwa Anjelina, mbanguaji mwenzake aliyeishia darasa la saba, akamwomba amsomee. Anjelina akaisoma kimya kwanza, akaipangusa kwenye kanga kana kwamba ina vumbi, ndipo akaisoma kwa sauti. Ilikuwa mistari mitatu. Nimekuacha talaka moja, tarehe, jina.

"Endelea," Sikudhani akasema.

"Imeisha, Mama Haji."

"Miaka ishirini na mbili?"

Anjelina akageuza karatasi, akamwonyesha upande wa pili. Ulikuwa mweupe.

Kulikuwa na mikorosho thelathini na minane kule Chilangala. Sikudhani ndiye aliyechimba mashimo, akiwa na mimba ya mwanawe Haji, na ndiye aliyebeba maji kichwani kuinywesha miche mpaka ikashika. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake Nurdini, chini ya mjomba wake, mzee Suleimani. Baada ya karatasi, Suleimani alimwita akamwambia kwa adabu zote kwamba shamba ni la ukoo na mikorosho imo shambani, na yeye si mke tena. Msimu ule Sikudhani alibangua korosho za watu wengine. Huenda nyingine zilitoka kwenye miti yake. Korosho haina alama ya aliyeipanda.

Kwa miaka sita hakutamka jina la Nurdini. Alimwita yule.

Sehemu ya tano ilitoka, akaisikia kwa vijana wa sokoni. Walikuwa wanabishana kama watu waliodhulumiwa. Mmoja alisema mwisho ni wa ovyo, unawasha moto mkubwa, unavikwa taji, wimbo unapigwa, basi. Mwingine alisema sasa ulitaka nini, umeshinda. Sikudhani alisimama na ndoo zake akawauliza kama kuna aliyerudi kwa bibi wa kilimani. Wakatazamana. Hapakuwa na aliyemkumbuka.

Jioni ile alimwambia Anjelina kwamba hao waliotengeneza hawajui msiba. Anjelina akamuuliza gemu na msiba vinahusiana vipi. Sikudhani akamweleza, huku nyundo yake ndogo ikigonga maganda, kwamba mtu akifa watu wanaweza kupika pilau la ng'ombe mzima, lakini kama kuna aliyekosewa na neno lake halikutajwa, msiba ule haujaisha, umetawanyika tu. Hadithi ndefu nayo ni hivyo. Kushinda ni pilau. Anjelina akasema, "Kwa hiyo wewe unataka gemu ikuombe radhi." Wakacheka, lakini Sikudhani aliacha kucheka mapema.

Miezi miwili baadaye Nurdini akafa, Masasi, kwa ugonjwa wa figo. Haji, mtoto wao, alitoka Mtwara kwenda kuzika. Sikudhani hakwenda. Wala hakukaa eda, maana aliyeachwa miaka sita hana eda ya kufiwa. Asubuhi ile alibangua kama kawaida, na mafuta yakamrukia jichoni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua anatoa machozi ya nini.

Ulipopita muda wa eda ya Faidha, miezi minne na siku kumi, mwanamke mwembamba aliyejitanda kanga nyeusi alifika mlangoni kwa Sikudhani. Mgongoni alikuwa na begi la shule. Akapiga magoti kidogo. "Shikamoo, dada."

Sikudhani alimjua bila kumjua. Akamtazama toka miguuni mpaka usoni. "Marahaba," akasema mwishowe. "Pita. Maji ya kunywa yapo, ya kunawa hakuna."

Faidha alieleza kilichomleta. Mzee Suleimani amepanga kisomo cha kumaliza msiba, Ijumaa, Masasi. Wazee wanataka wote waliokula na marehemu wawepo watoe radhi, na wa kwanza kutajwa ni Mama Haji, kwa sababu marehemu hawezi kupumzika kama mke aliyeishi naye miaka ishirini na mbili ana neno rohoni. Akasema ametumwa, lakini hata asingetumwa angekuja.

Sikudhani akamwambia atakuja kwenye kisomo, hajafikia kukataa dua. "Lakini najua mnavyofanya. Mzee atauliza kwa ujumla, na watu wataitika kwa ujumla. Wao wakisema tumemsamehe, mimi nitanyamaza. Msinilazimishe."

Faidha hakubishana. Akafungua begi, akatoa mashine ya gemu iliyoviringishwa ndani ya kanga ya mtoto.

Alisema Nurdini aliicheza sehemu ya tano akiwa tayari mgonjwa, yeye akimsomea maneno macho yake yalipofifia. Alifika mwisho. Kuna lango, na ndani ya lango kuna jiko kubwa la nchi nzima, na unaita watu sita wa kukaa nawe kuwasha moto. Aliita wenye nguvu, mhunzi na wapiganaji. Taji akapewa. Wimbo ukapigwa. Nurdini akakaa anatazama majina ya Wazungu yakipanda kwenye kioo, akasema, "Haijaisha hii." Akamwagiza Faidha arudishe safari mpaka nje ya lango, aiache pale pale. Hakuigusa tena.

"Alisema kwa nini?" Sikudhani akauliza.

"Alisema kuna mtu anayejua. Nikamuuliza nani. Akageukia ukutani."

"Hakutaja jina langu."

"Hakutaja, dada. Sitakudanganya."

Sikudhani akaitikia kwa kichwa. Kama Faidha angesema alitaja, angemfukuza.

Anjelina alikuwa na TV. Asubuhi iliyofuata waliiwasha mashine sebuleni kwake, Faidha na pedi ya kuchezea mkononi, Sikudhani mkekani na ungo wake, kwa sababu hakuwahi kutazama gemu ile mikono ikiwa mitupu. Somoe akatokea kwenye kioo, amesimama mbele ya lango. Walikuwa wamemzeesha kidogo. Sikudhani alimtazama kama anavyotazamwa binti aliyerudi kutoka kuolewa mbali.

Faidha akamuuliza aite watu gani.

"Usiite mtu. Geuka."

"Nyuma hakuna kitu, dada. Ni njia tuliyojia."

"Ndiyo hiyo. Rudi."

Faidha akamgeuza Somoe. Maneno mekundu yakatokea, akayasoma: ukiondoka langoni kaa lako litapungua kila hatua, na hakuna hakika ya kulikuta lango wazi. Unataka kweli? Sikudhani akasema bonyeza.

Walitembea tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nchi ya sehemu ya tano, ya nne, ya tatu. Wapiganaji waliokuwa marafiki walimtazama Somoe anapita wakageuka. Mhunzi alimuuliza anakimbia nini. Chungu kilizidi kuwa cheusi. Faidha, aliyezoea kusoma, alisoma alama za njiani. Sikudhani, asiyejua hata herufi moja, ndiye aliyemwambia pinda hapa, hapa tulipewa chumvi, hapa usikae pana daraja bovu, na kila alichosema kilikuwa pale. Kufika nchi ya pili Faidha aliacha kumwita dada akaanza kumwita Mama Haji. Umeme ukakatika saa saba, wakala ugali kwa kisamvu wakingoja. Ukarudi saa tisa.

Kilima kilikuwa pale pale, na nyumba. Mtungi ulikuwa umefudikizwa mlangoni. Bibi hakuwepo. Alikuwa amekufa, kaburi lake upande wa nyuma. Jirani aliyekuwa anatwanga akaacha mchi, na Faidha akasoma maneno yake polepole: "Wewe ndiye wa moto? Alituambia utakuja. Hakutuambia alikupa nini. Tuambie wewe."

Majibu yakawa matatu. Faidha akayasoma. La kwanza, hakunipa kitu. La pili, alinipa baraka, nami nimeiletea nchi ushindi. La tatu lilikuwa refu kuliko mengine: alinipa maji yake ya mwisho, nikamwambia nitarudi, na sikurudi akiwa hai.

Sikudhani aliweka ungo chini.

"La tatu," akasema. Na kabla Faidha hajabonyeza, alinyoosha mkono wake, akakiweka kidole chake cheusi juu ya kidole cha Faidha, wakabonyeza pamoja.

Watu wa kilimani walitoka majumbani mwao, wakasimama. Somoe akalisema lote mbele yao. Hawakumpigia makofi. Jirani akasema, "Basi tumesikia. Kaa nasi." Somoe akaingia ndani, akaweka kaa lililobaki, dogo kama punje, kwenye mafiga ya bibi. Likashika. Hapakuwa na wimbo. Ilisikika sauti ya kuni tu, na majina yakaanza kupanda.

Anjelina, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akauliza kama taji halitolewi. Faidha akasema halitolewi. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Bibi mwenyewe hakusikia," Faidha akasema baadaye.

"Hakusikia," Sikudhani akakubali. "Lakini wenzake wamesikia. Sasa wanajua mtungi ule ulikauka kwa sababu gani."

Akarudi kwenye ungo wake. Lakini Faidha aliendelea kumuuliza mambo mpaka jua likatua: miti ilikuwa mingapi, maji aliyachota wapi, karatasi ile nani aliisoma. Sikudhani alijibu moja moja, akidhani mwenzake anatafuta la kuzungumza.

Ijumaa walikuwa Masasi. Nyumba ya marehemu ilikuwa chini ya majabali makubwa ya mji ule, na turubai limefungwa uani, wanaume upande wa mbele, wanawake upande wa jikoni. Kisomo kilipoisha mzee Suleimani alisimama na fimbo yake. Alisema marehemu alikuwa binadamu, na binadamu hukosea kwa neno na kwa tendo, basi aliyekosewa amsamehe, nasi tuondoe msiba huu.

"Tumemsamehe," watu wakaitika.

Sikudhani alinyamaza. Waliokaa karibu yake walisikia akinyamaza.

Mzee aliinua mikono aombe dua ya mwisho. Ndipo Faidha aliposimama upande wa wanawake. Mzee akamwita kwa jina la mtoto wake, akasema kwa upole, "Mama Sophia, kaa." Hakukaa. Sauti yake ilifika mpaka mbele kwa wanaume.

"Mimi ndiye niliyeishi naye mwisho, kwa hiyo nitamsemea. Mume wangu alimwambia Mama Haji atarudi kumchukua, hakurudi. Alimwacha kwa mistari mitatu, akaituma kwa mtu wa basi, akijua mkewe hawezi kuisoma. Na mikorosho thelathini na minane ya Chilangala aliipanda Mama Haji, akiwa na mimba, maji akibeba kichwani toka bondeni. Marehemu alilijua hilo, akanyamaza. Nimesema."

Turubai likachezacheza kwa upepo. Haji, upande wa wanaume, aliinamisha kichwa. Mzee Suleimani aliitazama fimbo yake, kisha akatazama kule kwa wanawake, na hakuwa na njia nyingine ila kuuliza. "Mama Haji. Umesikia. Unasemaje?"

Sikudhani aliinuka, akajifunga kanga vizuri. Kwa miaka sita alikuwa na maneno mengi ya siku kama ile. Alipoyatafuta aliyakuta yameshasemwa.

"Nimesikia, mjomba. Ya kuahidiwa, nimemsamehe Nurdini. Ya karatasi, nimemsamehe." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile, na Anjelina, aliyefuatana naye toka Newala, aligeuka kumtazama. "Ya mikorosho siwezi kumsamehe yeye, maana hakwenda nayo kaburini. Iko Chilangala."

Akakaa.

Mzee Suleimani alibaki amesimama. Wazee wenzake walitazama chini. Mwishowe akainua mikono, akaomba dua, fupi kuliko ilivyotazamiwa, na kila mtu akaitikia amina, Sikudhani naye.

Wali ukaletwa. Faidha alikuja na birika na beseni, akapiga magoti mbele ya Sikudhani, akammiminia maji. Sikudhani alinawa vidole vyake vyote kumi, taratibu, akala.